Simu Imesasishwa, Mtoto wa Mbali Hawezi Tena Kuingia

Swali moja limekuwa likirudi katika vikundi vyetu karibu kila juma, na linaulizwa kwa maneno yanayofanana: "Mtoto wangu aliye Kinshasa alikuwa anaingia katika simu yangu na kunitengenezea mambo. Simu ikaomba 'mise à jour', nikakubali. Tangu siku hiyo anasema haoni kitu, au anaona lakini hawezi kugusa. Simu imeharibika?" Wengine wanauliza hivyo hivyo juu ya kompyuta. Na wengine hawakuuliza mtu. Walikwenda moja kwa moja kwa fundi wa kando ya barabara, wakalipa, simu ikafutwa yote, na picha za marehemu zikapotea humo humo. Ndiyo sababu juma hili tunaliandika jambo hili kwa urefu.

Simu haikuharibika. Ruhusa ndizo zimefungwa, na mwenye kuzifungua ni wewe unayeishika, si mtoto aliye mbali.

Kusasisha ni kubadilisha mfumo wa ndani wa simu au kompyuta, ule unaoongoza programu nyingine zote, na kuweka ulio mpya zaidi. Picha zako na nambari zako zinabaki. Lakini mfumo mpya unaweza kuja na masharti mapya juu ya nani afanye nini, na ruhusa uliyoitoa zamani ikahitaji kutolewa tena. Sisi wa Wagenia hatuhitaji kompyuta ili kuelewa hilo. Kule kwenye maporomoko kila familia ina mahali pake kwenye mawe, ina miti yake na vikapu vyake. Maji makubwa yakipita, watu wanarudi kukaza kamba. Na aliyekusaidia kuinua kikapu msimu uliopita haendi kukiinua peke yake msimu huu eti kwa sababu alikuwapo. Anakuita kwanza.

Tuseme pia kwa nini jambo hili linatugusa sana hapa kwetu. Toka Kisangani mpaka Kinshasa kwa njia ya mto ni zaidi ya kilometa 1,700, na boti ya mizigo inaweza kuchukua majuma. Ndege ni ya wenye pesa. Watoto wetu wako Kinshasa, Bunia, Kampala, wengine Ulaya. Msichana aliyesoma mambo ya kompyuta hawezi kurudi nyumbani kila mara ili kumwonyesha mama yake namna ya kukuza herufi. Basi anaingia toka mbali: mama ameshika simu hapa Wagenia, mtoto anaona kioo kilekile kule aliko, na akipewa ruhusa anagusa kana kwamba wamekaa pamoja kwenye mkeka mmoja. Programu zinazojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni AnyDesk na TeamViewer. Kwenye kompyuta zenye Windows kuna pia Quick Assist, ambayo kwa Kifaransa imeandikwa "Assistance rapide". Kwa mama asiyesoma Kifaransa, msaada huo ndio unaomfanya abaki mwenye simu yake, badala ya kumpa jirani aisome kila ujumbe unapofika.

Tuanze na simu, maana ndiyo iliyo katika kila nyumba. Nyingi tunazotumia, ziwe Tecno, Itel, Infinix au Samsung, zinaendeshwa na Android, mfumo wa Google. Miaka hii kila Android mpya imekuwa ikikaza kamba kidogo. Android 11, iliyotoka mwaka 2020, ilianza kuzinyang'anya ruhusa programu ambazo mwenyewe hajazifungua kwa miezi kadhaa. Android 13 ya mwaka 2022 ilitaka programu mpya iombe ruhusa hata ya kupiga kengele na kuonyesha ujumbe. Android 14 ya mwaka 2023 ilisema kuonyesha kioo kwa mtu mwingine kuombwe upya kila safari, hata kama jana ulikubali. Mama ambaye simu yake ya zamani ilizama majini akanunua mpya, huyo anakutana na masharti yote hayo kwa siku moja. Si ajabu akaona simu imemgeuka.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: kuona na kugusa ni ruhusa mbili tofauti. Wengi wanapotea hapo.

Ruhusa ya kuona inaombwa mtoto anapoanza kuingia. Simu inatoa maneno kwenye kioo, na maneno yenyewe yanatisha: yanasema programu itaweza kuona kila kitu kinachoonekana kwenye simu yako, pamoja na kode za siri. Mama anaogopa, anakataa. Hakuna ubaya katika kuogopa. Maneno yale yamewekwa ili mtu asimame kidogo kabla ya kugusa. Lakini bila kukubali, mtoto anabaki mbele ya giza. Na usidhani ukikubali leo umemaliza: kesho simu itauliza tena. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Katika simu nyingine za karibuni, swali hilo lina sehemu mbili: unataka kuonyesha kioo chote au programu moja tu? Ukichagua programu moja, mtoto ataona hiyo tu, na ukitoka humo ataona weusi. Tumemwona mama mmoja akibishana na mwanawe karibu saa nzima, huyu akisema "mbona naona", yule akisema "mama, mimi sioni", kumbe kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Ruhusa ya kugusa iko mahali pengine kabisa. Ingia katika "Paramètres", tafuta "Accessibilité", shuka mpaka uone jina la programu ya mtoto, halafu uwashe. Kama ni AnyDesk, kuna programu ndogo ya pembeni inayoisaidia kugusa, nayo lazima iwe imewekwa na imewashwa. Katika simu nyingine, usasishaji unaizima bila kukuambia. Dalili yake ni rahisi kutambua: mtoto anasema "naona kila kitu, mama, lakini nikigusa hakuna kinachosogea." Akisema hivyo, usianze kufuta programu. Nenda "Accessibilité".

Inafaa kueleza kidogo mahali hapo ni pa nini. "Accessibilité" iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kutumia vidole, ili programu iweze kusoma kioo kwa niaba yao na kubonyeza kwa niaba yao. Ni kazi njema kabisa. Lakini programu inayoweza kusoma na kubonyeza kwa ajili yako inaweza pia kufanya hayo kwa ajili ya mwizi. Hiyo ndiyo sababu watengenezaji wa Android wameweka ulinzi mwingi mahali hapo, na ndiyo sababu usasishaji unawasumbua watu wengi hapo kuliko kwingine.

Kisha kuna jambo la kengele. Koko mmoja wa kikundi chetu, mwenye wajukuu wengi na uvumilivu mwingi, alilalamika kwamba mtoto "anapiga mlango" lakini simu hainyanyui hata sauti. Alikuwa ameweka programu upya baada ya usasishaji. Ikamwomba ruhusa ya kuonyesha ujumbe, akagusa "Ne pas autoriser". Siku ya pili ikaomba tena, akagusa palepale. Tangu Android 11, ukikataa ruhusa moja mara mbili, programu inanyamaza; haitauliza tena. Kuikubalia baadaye lazima uende mwenyewe: "Paramètres", halafu "Applications", halafu jina la programu, halafu "Notifications" au "Autorisations". Tuliwasha, na mtoto akasikika siku hiyo hiyo. Koko aliuliza kwa nini simu haikumwambia kwamba kukataa mara mbili ni kukataa kabisa. Tumeona ni swali zuri, na hatuna jibu la kuitetea simu.

Sasa programu tunazopeana. Hapa Kisangani kijana anampa mwenzake programu kwa Xender au kwa Bluetooth ili kutunza mega, na kwa bei ya mega hatumlaumu mtu. Lakini Android 13 na zilizofuata zinatambua programu isiyotoka Play Store, na zinaikatalia "Accessibilité". Jina lake linaonekana limefifia, ukiligusa unaambiwa kwamba ni "paramètre restreint". Kuna njia ya kufungua kizuizi hicho katika ukurasa wa programu yenyewe, kwenye vitone vitatu vya juu pembeni, na vijana wa mtaa wanaijua vizuri. Sisi tunasema usiifungue. Futa ile ya kupewa, chukua nyingine Play Store, hata kama utangoja siku utakapokuwa na mega. Programu iliyopita mikono mingi, hujui ni mkono upi uliotia kitu ndani. Na kuna sababu nyingine. Mwezi Februari 2024 AnyDesk yenyewe ilitangaza kwamba mitambo yake ilikuwa imeingiliwa na wavamizi. Ikabadilisha vyeti vyake na kuwaomba watu watumie toleo jipya. Faili la zamani linalozunguka toka simu hadi simu halikusikia tangazo hilo.

Mengine ni madogo lakini yanapoteza muda. Tarehe na saa ya simu ikiwa si sahihi, kama inavyotokea betri ikikaa tupu siku nyingi, simu inaweza kukataa kuunganishwa na mtu wa mbali kabisa. Sahihisha tarehe kwanza. Ulinzi wa betri nao unaua programu inayofanya kazi nyuma ya kioo, hasa katika simu za bei ndogo, na mtoto anakatika katikati ya kazi. Mtoto pia asasishe programu ya upande wake, maana mara nyingine mama ni mpya na mtoto ndiye wa zamani.

Tufike kwenye jambo lililotugawanya.

Mama mmoja anayeuza samaki wa moshi alipata shida hiyo ya usasishaji, akaisema kwa sauti sokoni, kama sote tunavyosema mambo yetu sokoni. Baada ya siku chache alipigiwa simu na mtu aliyemwita kwa jina. "Jambo mama, mimi ni wa kampuni ya simu. Tumeona simu yako imefungwa baada ya mise à jour. Nitaifungua toka hapa, usihangaike kuja." Alisema Kiswahili kizuri, kwa heshima, "mama" kila baada ya maneno mawili. Akamwelekeza aweke programu, amsomee nambari zilizo kwenye kioo, akubali swali la kwanza, aingie "Accessibilité", awashe. Yote hayo ni yaleyale tuliyoyaandika hapo juu, kwa mpangilio uleule. Kisha akamwambia: "Sasa mama, hakikisha pesa yako haijaguswa." Mama akapiga nyota na nambari, menyu ikaja, akaandika kode yake ya siri. Yule aliona. Usiku pesa ikatoka. Ilikuwa zamu yake ya likelemba, aliyoipokea juzi yake tu, na sehemu kubwa ilikuwa ya masomo ya watoto.

Ni lazima kueleza hapo, kwa sababu wengi wanaamini simu inaficha kode. Programu nyingi za benki zinaweka pazia: mtu wa mbali anaona weusi tu unapozifungua, na mtoto akikuambia "mama, hapo sioni", hilo ni jema, liache. Lakini ile njia ya kupiga nyota na nambari, tunayoitumia wengi wetu kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, tusiitegemee kuwa na pazia. Unachoandika kinasomeka na anayetazama kioo chako. Basi mtu yeyote akiwa ndani ya simu yako, hata mtoto uliyemzaa, usipige nyota. Mwambie atoke kwanza.

Katika mkutano uliofuata, kikundi kilikubali kumwongezea yule mama kitu kwa zamu ile, na hakuna aliyepinga. Kilichopingwa ni lingine. Wamama kadhaa walisema tangu sasa hakuna mtu wa kuingia toka mbali katika simu yoyote, awe mtoto, awe mkwe. Mmoja alisema, "Nyumba yangu haina dirisha la Kinshasa." Tulicheka, lakini alikuwa anasema kwa dhati, na tunamwelewa.

Hata hivyo hatukubaliani naye. Tukifunga kabisa, tutarudi kule tulikotoka: mama anampa simu kijana wa mahali pa kuchaji amsomee ujumbe, kijana anaona jina, anaona kiasi, anaona kila kitu, na hakuna swali lolote lililotokea kwenye kioo kumwuliza mama kama amekubali. Mlango wa toka mbali angalau unabisha hodi. Tofauti kati ya mtoto na mwizi haikuwa katika programu, wala katika nambari zilizosomwa. Ilikuwa katika nani aliyempigia nani. Yule mama hakumwita mtu, aliitwa.

Basi kikundi kilikubaliana hivi, na tunaliandika ili na vikundi vingine vilizungumze. Anayekupigia akisema atakusaidia na simu yako, haingii, hata akijua jina lako na la mumewe dada yako. Kata. Ukitaka msaada, wewe ndiye unayepiga, kwa nambari unayoijua tangu zamani, na unasikia sauti unayoijua. Kazi ikiisha, mtoto anatoka, na wewe unarudi "Accessibilité" kuzima. Ndiyo, safari ijayo itabidi uwashe tena, na inachosha. Kuzima na kuwasha ni kugusa mara nne. Wamama wanaoweza kukunja kikwembe gizani hawatashindwa na hilo.

Ikiwa ubaya umekwisha kutokea, usipoteze muda kulia na simu mkononi. Kata intaneti, weka simu katika "mode avion". Kwa simu ya mtu mwingine, pigia kampuni yako ya simu na uombe akaunti ya pesa ifungwe. Ndipo ufute programu na ubadilishe kode. Kuingia katika chombo cha mtu bila ruhusa yake ni kosa katika nchi yetu. Liko katika Kanuni ya Dijitali, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Kwa hiyo mama anayekwenda kushitaki haendi kuomba huruma.

Sasa kompyuta, kwa vikundi vilivyo nayo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 iliyotoka mwaka 2015, na mashine nyingi zimepandishwa kwenda Windows 11. Si zote zinakubali: Windows 11 inataka kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0 na angalau giga 4 za kumbukumbu, na mashine nyingi za mtumba hapa kwetu hazina cha kwanza. Ikikataa, msimlipe mtu ailazimishe. Microsoft imetoa njia ya kuongeza mwaka mmoja wa ulinzi kwa Windows 10, mpaka Oktoba 2026, na mwaka mmoja ni muda wa kutosha wa kuchanga.

Kikundi kimoja cha akiba na mikopo kinatunza hesabu zake katika mashine ya namna hiyo. Binti wa katibu, aliye Kinshasa, anaingia kila mwisho wa mwezi kuzikagua pamoja na mama yake. Baada ya kupanda Windows 11, kila walipofika mahali fulani, binti alisema: "Mama, nimeona giza." Wakakata, wakaanza upya, giza lilelile. Mega zikaisha.

Giza hilo lina maana. Programu inapotaka kubadilisha kitu kikubwa ndani ya mashine, Windows inasimamisha yote na kuuliza katika kioo cha peke yake: unakubali? Aliyekaa mbele ya mashine anaona swali. Wa mbali katika Quick Assist haoni kitu, na hawezi kujibu. Wamefanya hivyo kusudi, mtu wa mbali asijipe mwenyewe ruhusa ya kuingia zaidi. Kwa hiyo binti akisema giza, mama asome kilichoandikwa, amsomee binti kwa sauti, na kama ndicho walichokusudia aguse "Oui". Kama mashine inaomba neno la siri la msimamizi, mama aliandike yeye. Hapo kikundi kiligundua kwamba neno la siri la msimamizi alikuwa nalo kijana aliyewauzia mashine, na hakuna mwanakikundi hata mmoja aliyelijua. Walimtafuta kwa toleka nusu siku. Kila kikundi kijiulize leo: neno hilo liko kwa nani?

Katika Quick Assist, anayesaidia ndiye anayehitaji akaunti ya Microsoft; yeye anapata kode, anaisema kwa simu, mama anaiandika. Kode inadumu dakika 10. Kwa mtandao wetu wa jioni dakika 10 si nyingi, kwa hiyo mama afungue programu kwanza, isubiri, ndipo binti atoe kode. Na kwanza binti ataona tu. Akitaka kugusa ataomba, na mama ataulizwa mara ya pili. Ikiwa Quick Assist haifunguki kabisa baada ya usasishaji, mara nyingi ni kwamba inataka kusasishwa yenyewe katika Microsoft Store.

Walio na mashine za ofisi wanaweza kukutana na "Bureau à distance", ambayo ni kitu kingine. Tunapita haraka. Windows ya aina ya "Famille" haiwezi kupokea mgeni kwa njia hiyo, na kusasisha hakuigeuzi. Inatakiwa aina ya "Professionnel". Ile PIN fupi ya kufungulia mashine haitumiki toka mbali, linatakiwa neno la siri lenyewe, na akaunti isiyo na neno la siri inakataliwa. Asiye msimamizi lazima jina lake liandikwe katika orodha ya walioruhusiwa. Na kama baada ya usasishaji mtandao wa ofisi umehesabiwa kuwa "public", mashine inajificha. Urudisheni kuwa "privé", lakini kwa mtandao wa ofisi tu, kamwe si kwa ule wa sibe au wa hoteli.

Tuna neno pia kwa wanaosaidia, vijana wetu. Programu hizi zinaruhusu kuweka neno la siri la kudumu, ili uingie wakati wowote bila mama kukubali. Mnaliweka kwa nia njema, ili msimsumbue. Liondoeni. Kwanza, mkiibiwa ninyi, na mama ameibiwa. Pili, mama aliyekuwa anajua kusoma swali na kujibu anasahau, na siku mwingine atakapobisha hodi hatajua kupima. Mwacheni aguse mwenyewe. Akichelewa, ngojeni. Sisi tunaofundisha watoto wa mwaka wa kwanza tunajua kwamba mkono unaoshikwa kila siku hauandiki.

Na kabla ya kukubali usasishaji wowote, simu au kompyuta, fungua ukurasa mmoja katika daftari. Andika programu ya msaada inaitwaje, ruhusa zipi zimewashwa, nambari ya simu ya anayekusaidia, na tarehe. Hesabu za kikundi zinakiliwe kwenye flashi, na flashi ikae nyumba nyingine. Betri ijae, tunajua umeme wetu, na mashine inayozimika katikati ya usasishaji inaweza kushindwa kuwaka tena. Usasishaji wa kompyuta unakula giga kadhaa, kwa hiyo usiuanze na mega za kubahatisha.

Katika mkutano wa juma lijalo tutatenga saa moja, baada ya michango, kwa ajili ya simu zenye shida hii. Leteni simu zikiwa zimechajiwa, na daftari. Mashine ya hesabu itaangaliwa ya kwanza, kwa sababu zamu inayofuata ya likelemba ni ya mwisho wa mwezi na binti wa katibu amesema atakuwa kwenye simu saa kumi. Anayeleta simu ya mama mkwe aje na mama mkwe mwenyewe, maana swali likitokea kwenye kioo ni yeye atakayejibu.